Mikate Sita

Mwishoni mwa mwezi uliopita nilikwenda Fukayosi kumjulia hali dada yangu mkubwa. Msomaji anayeifahamu barabara ya kutoka Bagamoyo kwenda Msata anajua kwamba ukishauvuka mto Ruvu mambo hubadilika. Upepo wa bahari unabaki nyuma, na kando ya lami yanaanza kuonekana mafungu ya mananasi, ambayo huongezeka kadiri unavyoikaribia Kiwangwa. Dada yangu anayo ekari moja na nusu ya mananasi hayo. Kabla ya kwenda shamba, alfajiri, huoka mikate ya kumimina, moto juu na moto chini, akaiuza vipande vipande kwa wasafiri na madereva wa bodaboda. Ni mikate sita kila siku, na siku ya gulio huwa minane.

Jioni ya kwanza, baada ya chakula, binti yake anayesoma kidato cha pili alinijia na daftari la Kiingereza. Alikaa mkekani, akalifungua, akaniuliza kwa adabu lakini kwa uso wa mtu mwenye kesi:

"Mjomba, wewe unafundisha chuo kikuu. Hebu niambie, mkate hauhesabiki?"

Alinionesha ukurasa. Walikuwa wametakiwa kuandika insha fupi kuhusu familia zao, naye alianza hivi: *My mother bakes six breads every morning.* Chini ya neno *breads* palichorwa mistari miwili ya wino mwekundu iliyokaribia kuichana karatasi, na pembeni pakaandikwa kwamba mkate ni kitu kisichohesabika. Adhabu ilikuwa kuiandika sentensi sahihi mara hamsini. Aliiandika. Nilizifunua kurasa tatu zilizojaa *loaves of bread* kwa mwandiko ulioanza mzuri ukaishia kuwa mbio.

Nilipoendelea kufunua niliona jambo lililonisumbua kuliko zile mara hamsini. Insha zilizofuata zilikuwa safi, hazina wino mwekundu hata kidogo. Ziliongelea kalamu, rula, madawati, na safari ya mbuga ya wanyama ambayo najua hakuwahi kwenda. Mama yake hakuonekana tena humo. Nikamuuliza kwa nini haandiki tena habari za nyumbani.

"Nyumbani kuna vitu vingi visivyohesabika, mjomba."

Hakuwa anafanya mzaha. Wali, unga, sukari, chumvi, maziwa, nyama, mkate: kila alichokiona jikoni kwa mama yake kilikuwa mtego. Kalamu haina mtego. Basi akaamua kuishi katika dunia ya kalamu.

Nikiri hapa kwamba siwezi kumrushia mwalimu yule mawe. Kabla sijaajiriwa chuoni nilifundisha sekondari kwa miaka miwili, nami nimechora mistari hiyo hiyo, pengine mizito zaidi. Hata leo, nikisahihisha mitihani ya wanafunzi wangu wa shahada ya kwanza, jicho langu hulinasa *equipments* na *informations* kabla halijaiona hoja. Nimewahi kumpunguzia alama kijana aliyeandika uchambuzi bora wa Azimio la Arusha kwa sababu alizihesabu fanicha. Kwa hiyo ninayoyaandika ni ya mtu aliyeshika kalamu nyekundu.

Kanuni ipo, na mtoto lazima aijue. Katika Kiingereza neno *bread*, kwa matumizi ya kawaida, halipokei wingi wala *a* mbele yake. Mwalimu hakukosea kuhusu neno. Alichokosea ni kusema kwamba mkate wenyewe hauhesabiki, na kumwambia hivyo mtoto anayeuhesabu kila alfajiri. Mmoja umeungua, mitano imetoka vizuri, watatu wamekopa vipande, jumla ya fedha ni hii. Maisha ya nyumba ile yanasimama juu ya kuihesabu mikate. Mtoto akiambiwa kwamba mkate hauhesabiki hajifunzi Kiingereza. Anajifunza kwamba macho yake yanamdanganya.

Tofauti hii kati ya neno na kitu, wanaisimu wameiona zamani. Mdenmaki Otto Jespersen, mmoja wa waliotuachia istilahi zake, aliijadili kwa kirefu katika kitabu chake cha mwaka 1924, *The Philosophy of Grammar*. Lakini huhitaji kumsoma Jespersen. Chukua nafaka zilizomo stoo. Mwingereza anaiona ngano kama kitu kimoja kisichohesabika, *wheat*, lakini shayiri ya uji anaiita *oats*, wingi mtupu. Mchele ni *rice*, hauhesabiki. Maharage ni *beans*, yanahesabika. Je, kuna mtu aliyewahi kukaa akayahesabu maharage ya chakula cha mchana? Sisi tunasema mahindi, na hindi moja lipo. Kwake mahindi ni *maize*, kama vile ni unga. Tunda kwetu ni moja na matunda ni mengi. Kwake *fruit*, likiwa katika bakuli, mara nyingi hubaki umoja hata yakiwa ishirini. Ukitafuta sababu katika punje zenyewe, katika ukubwa wake au uzito wake, utatafuta hadi kesho.

Wala lugha yetu isijione ina akili zaidi. Maji, maziwa na mafuta tumeyaweka katika ngeli ya wingi, tunasema *haya*, na umoja wake haupo popote. Ukidhani ni kwa sababu ni vimiminika, asali na chai zinakukatalia. Unga, ugali, uji na wali tumevipa umoja wa milele. Mchele nao uko pamoja na mti na mkate, lakini miti ni mingi na mikate ni mingi, ilhali *michele* husikiki mdomoni mwa mnunuzi. Mgeni anayejifunza Kiswahili anaweza kulia machozi, na hakuna kamati ya wazee iliyokaa ikaamua hivyo. Na tuseme wazi kinachomsumbua mtoto wetu hasa: Kiswahili hakina vibainishi vya lazima kama *a* na *some*. Unasema "nimekula nanasi", basi. Hakuna anayekuuliza kama ulikula zima au kipande. Kiingereza kinamlazimisha kuchagua kabla hajafungua mdomo, na hakuna aliyemwambia kwamba anachagua.

Tena kuchagua huko hubadilika kwa kisu. Nanasi zima kwa Mwingereza linahesabika, likikatwa sahanini linakuwa *some pineapple*. Yai zima linahesabika, likimwagikia shati linakuwa *egg* tu. Kuku akiwa bandani ni mmoja, wawili, watatu, akiingia chunguni anakuwa nyama isiyo na idadi. Kanuni aliyofundishwa binti yetu, kwamba kuna orodha ya vitu vinavyohesabika na orodha ya visivyohesabika, na mwanafunzi akariri orodha, haielezi hata kifungua kinywa cha wenye lugha.

Hilo nililigundua nikiwa mtu mzima, masomoni Uingereza, katika mkahawa mdogo ulio jirani na maktaba. Nilikuwa nimepanga foleni nikiwa nimeiandaa sentensi yangu kwa uangalifu wote wa mtu aliyefundishwa kwa fimbo: *May I have two cups of tea, please.* Mama aliyekuwa mbele yangu, mwenyeji wa pale kwa lafudhi yake, akasema *two teas and a coffee, love*, akapewa. Aliyekuwa nyuma yake akaagiza *a large water*. Hakuna aliyeangua kicheko, hakuna aliyeandika mara hamsini. Nikasimama pale nikiikumbuka nyekundu yangu yote niliyoimwaga juu ya madaftari ya watoto wa watu.

Na nikawakumbuka mama lishe. Maana nyumbani tunafanya vivyo hivyo, tena kwa ufundi. Ingia mgahawa wowote wa Bagamoyo mjini saa saba mchana uusikilize wito unaokwenda jikoni: "Wali kuku mbili! Chai tatu! Maji makubwa moja!" Mwanasarufi anashtuka, kwa kuwa wali hauwezi kuwa *mbili*, na kuku wangekuwa *wawili*. Lakini hiyo *mbili* si ya wali wala si ya kuku. Ni ya sahani, ambayo haikutajwa kwa sababu kila mmoja anajua ipo. Maji makubwa ni chupa. Biashara imekiweka chakula katika chombo, chombo kikahesabika, kisha chombo kikafichwa. Yule mama wa Uingereza alifanya hivyo hivyo kwa vikombe. Anayeuza na anayenunua wakishakubaliana juu ya chombo, kila chakula kinahesabika.

Chipsi zimenifurahisha zaidi. Neno hili lilitufikia likiwa tayari na wingi wake wa Kiingereza, ile *s* ya mwisho, nasi tukaimeza *s* pamoja na kiazi. Leo tunasema chipsi moja tukimaanisha sahani nzima. Mwingereza akitucheka mkumbushe tambi. Mtaliano anasema *spaghetti* ni wingi, mmoja wake ni *spaghetto*, naye Mwingereza akazichukua akazigeuza kuwa kitu kimoja kisichohesabika. Kila jirani huvunja vyombo vya mwenzake bila kujua.

Kuna jambo jingine ambalo ningependa walimu wetu walijue, kwa kuwa linaipunguza makali ile kalamu. Zamani neno la Kiingereza la njegere lilikuwa *pease*, nalo halikuwa wingi. Lilikuwa jina la chakula chenyewe, kama *rice*. Lakini sikio la watu lilisikia *s* mwishoni, likadhani ni wingi, na kufikia karne ya 17 wakajitengenezea umoja ambao haukuwahi kuwapo: *pea*. Yaani wenye lugha wenyewe walifanya kosa la kuhesabu kisichohesabika, wakalirudia kwa wingi wao, likawa kamusi. Hata mkate umepita njia ndefu. Katika Kiingereza cha kale jina la mkate lilikuwa *hlaf*, ndilo *loaf* la leo, na *bread*, kama wataalamu wengi wa asili ya maneno wanavyoeleza, lilimaanisha kipande au tonge. Kwa maneno mengine, neno ambalo binti yetu aliadhibiwa kwa kulihesabu lilianza maisha yake kama kipande, na vipande huhesabiwa. Na humo humo katika *hlaf* ndimo lilimotoka neno *lord*, bwana. Asili yake ni *hlafweard*, mlinzi wa mkate. Mwenye kuulinda mkate ndiye aliyekuwa bwana wa nyumba.

Wanaharakati wanaonisoma wataniuliza: hoja ya lugha ya kufundishia iko wapi? Ipo, na ni ya zamani. Mwaka 1967 Kiswahili kilikuwa lugha ya kufundishia shule za msingi. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu, chini ya Jackson Makweta, ilipendekeza kisonge mbele hadi sekondari, na pendekezo hilo halikutekelezwa. Mwaka 1984 Criper na Dodd walichunguza Kiingereza cha shule zetu na kueleza kwamba kiwango chake hakitoshi kubeba masomo mengine. Mimi nimekwisha kutoa maoni yangu kuhusu hilo hapa zaidi ya mara moja na sitayarudia. Leo nasema dogo zaidi, ambalo halihitaji sera mpya wala waraka wa wizara: hata tukibaki na Kiingereza, kifundishwe kama lugha ya watu wanaokula, wanaouza na wanaobishana. Waingereza nao hubishana. Mwaka 2008 duka la Tesco lilibadilisha maandishi ya foleni zake za wenye bidhaa chache, baada ya ubishi kama iandikwe *less* au *fewer*. Mtoto wa Fukayosi angefurahi kusikia hivyo. Pengine angeandika tena habari za nyumbani.

Nilimweleza haya kwa ufupi, kwa mwanga wa taa ya sola, naye alicheka pale penye njegere. Kisha nikamwambia: mtihani ukija andika *loaves*, kwa sababu anayesahihisha ana kalamu. Lakini usiamini kwamba mkate hauhesabiki. Akauliza kama mkate wa kumimina nao ni *loaf*, maana katika kitabu chao *loaf* imechorwa ya pembe nne na imekatwa slesi. Nikakosa jibu la haraka. Mkate wa mchele na nazi, wa mviringo, uliookwa katika sufuria na makaa juu ya mfuniko, hauna jina katika orodha ya mwalimu wake wala katika orodha yangu.

Asubuhi ya pili ilikuwa siku ya kuuza mananasi. Mnunuzi alifika na kirikuu saa kumi na mbili na nusu, akitokea Dar es Salaam. Mananasi yalikuwa yamekwisha kupangwa chini ya mwembe. Binti wa dada yangu ndiye karani wa nyumba, kwa kuwa ndiye msomi. Alitoka na daftari lile lile la Kiingereza, akaligeuza nyuma mbele, akafungua kurasa za mwisho. Huko nako kulikuwa kumejaa: vistari vinne vinne vilivyokatwa na cha tano, tarehe, jumla.

Kijana wa mnunuzi alikuwa akirusha, mwenzake garini anadaka, nao wanahesabu kwa sauti. Nilikuwa nikinywa chai, sikusikiliza kwa makini hadi niliposikia hesabu inasita. Nanasi kubwa, moja. Nanasi dogo lilirushwa, kimya. Dogo jingine likarushwa, *mbili*. Madogo mawili kwa moja. Nikamtazama dada yangu.

"Ndivyo wanavyohesabu," akasema, akaendelea kufagia.

Wasomaji wangu walio watumishi wa umma wanaijua Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, na wanaijua kazi ya Wakala wa Vipimo dhidi ya lumbesa. Gunia la mazao lisizidi kilo 100, na kile kilemba kinachoshonewa juu yake kwa kamba ni haramu. Pwani hii ilikuwa na maneno yake ya jambo hilo hata kabla ya gunia. Vibaba viwili vilifanya kisaga, vinne vikafanya pishi, na mtu akiagiza kibaba aliulizwa: cha mfuto au cha tele? Cha mfuto kilisawazishwa mdomoni, cha tele kikaachwa na kichuguu chake. Pembe za ndovu zilizoshuka Bagamoyo na misafara zilipimwa kwa frasila, kiasi cha ratili 35. Kila kipimo kilikuwa na jina, na ujanja wake ulikuwa na jina, kwa hiyo uliweza kubishaniwa. Lakini kipimo hiki nilichokishuhudia chini ya mwembe, cha nanasi ambalo ni moja mkononi mwa mkulima na nusu garini mwa mnunuzi, sikujua kinaitwaje. Ndizi zina mkungu, zina chane, kisha ndizi yenyewe, na kila mmoja anajua anauza ipi. Nanasi lina nanasi tu. Tena huko mjini lile dogo litauzwa moja, kwa bei yake lenyewe, na hakuna mteja atakayeambiwa kwamba amenunua nusu.

Nilisogea kwa mnunuzi, nikamsalimu, nikamuuliza kwa upole kwa nini asilipe madogo kwa bei ndogo, yahesabiwe yote. Hakukasirika. Alisema yeye ameikuta hesabu hiyo, mafuta ya gari nayo yanahesabiwa, na mama akitaka anaweza kumsubiri mnunuzi mwingine. Mananasi yaliyoiva hayasubiri, naye alijua. Dada yangu akanikonyeza ninyamaze. Sikai Fukayosi mimi. Kesho yake nitakuwa Dar es Salaam na yeye atabaki na mnunuzi wake.

Gari lilipoondoka nilimwomba binti anioneshe ukurasa. Alikuwa ameweka safu mbili. Ya kwanza aliipa jina "yetu": makubwa 130, madogo 110, jumla 240. Ya pili aliipa jina "yake": 185. Chini alitoa, akapata 55. Kwa bei ya asubuhi ile, shilingi 400, aliandika 22,000, akaizungushia duara. Nikafunua nyuma. Kila tarehe ilikuwa na safu zake mbili. Alianza kuziweka tangu akiwa darasa la sita.

"Mama ameziona?"

"Mama hataki kuziona."

Aliligeuza daftari, akarudi upande wa Kiingereza, akauliza kwa sauti ya chini kama ile ya usiku uliopita: "Mjomba, nanasi linahesabika?" Nikamwambia linahesabika, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili. Alikuwa na insha ya kukabidhi Jumatatu, ya maneno mia moja, kuhusu jambo alilolifanya mwishoni mwa wiki. Alifikiri kidogo, akapiga mstari kwa rula, akaandika: *My mother sold two hundred and forty pineapples. The man counted one hundred and eighty-five.*

Akaniuliza kama kuna kosa. Nilizisoma mara mbili, nikamwambia hakuna.